Elektroniki za kaboni na vioo vinavyokunjika: yaliyotoka maabara na yaliyofika dukani

Mleta mada:

Wanajamvi, salaam. Kila inapotangazwa simu mpya ya kukunja, mjadala humu huwa ni bei yake na ule mfereji unaobaki katikati ya kioo, kisha uzi unaishia hapo. Naomba leo turudi nyuma zaidi, kwa sababu kioo kile ni matokeo ya utafiti wa karibu nusu karne katika vyuo vikuu vya Japani, Marekani, Uingereza na Ujerumani, na kampuni zilizozama njiani si chache. Nitakachojaribu kuonyesha ni kwamba sifa iliyopigiwa debe tangu mwanzo, yaani kwamba vifaa vya elektroniki vya kaboni, vile vinavyotumia plastiki na molekuli nyingine za kaboni, vinakunjika na vinaweza kuchapwa kwa gharama ndogo, siyo iliyoviingiza sokoni. Vilivyofanikiwa vilibebwa na ubora wa picha, na vilivyokwama vilikwamishwa na mvuke wa maji, uhai mfupi wa malighafi, na silikoni, malighafi iliyozoeleka ya chipu na sola, ambayo haikuacha kushuka bei.

Tuanze na kemia yenyewe. Plastiki ndiyo tunayovisha nyaya ili umeme usiturushe, hivyo wazo la plastiki inayopitisha umeme lilikuwa geni hata kwa wanasayansi. Katika maabara ya Hideki Shirakawa pale Tokyo Institute of Technology, mtafiti mmoja aliyekuwa akitengeneza poliasetilini, aina ya plastiki, alitia kichocheo takriban mara 1,000 ya kiasi kilichotakiwa, akapata utando unaometa rangi ya fedha. Alan MacDiarmid wa University of Pennsylvania alipata habari hiyo alipokuwa ziarani Japani, akamwalika Shirakawa Marekani, na huko wao wawili pamoja na Alan Heeger waliuweka utando huo kwenye mvuke wa iodini. Iodini ilinyofoa baadhi ya elektroni kutoka kwenye mnyororo wa kaboni, nafasi zilizoachwa wazi zikawa njia ya umeme, na upitishaji ukaongezeka mara milioni 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977, na mwaka 2000 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hata hivyo, poliasetilini yenyewe haikuzaa bidhaa ya maana, kwa kuwa ikikaa hewani inaharibika. Jambo hilo liwekeni akilini, kwa maana tutakutana nalo tena na tena.

Hatua iliyofuata ilihusu mwanga. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, waliokuwa wakifanya kazi Eastman Kodak huko Rochester, walipanga matabaka mawili membamba ya molekuli za kaboni kati ya elektrodi mbili, moja la kusafirisha chaji chanya na jingine la kusafirisha elektroni na kutoa mwanga, kikapatikana kifaa kinachowaka kijani kwa umeme usiofika volti 10. Kabla ya hapo, waliojaribu kuwasha fuwele za kaboni walihitaji volti mamia. Mwaka 1990 Jeremy Burroughes, Donal Bradley, Richard Friend na wenzao wa Cambridge walionyesha kwamba hata polima, yaani molekuli za mnyororo mrefu, zinaweza kuwaka. Hapo njia ikagawanyika. Ya Kodak ilipasha moto molekuli ndogo ndani ya chombo kisicho na hewa hadi zigeuke mvuke na kutua juu ya kioo. Ya Cambridge iliyeyusha polima ili zipakwe au zichapwe kama wino.

Wengi waliamini kwamba uchapaji ungeshinda kwa sababu ya gharama, lakini ikawa kinyume. Vioo vya OLED, yaani vile ambavyo molekuli hizi za kaboni ndizo zinazowaka, tulivyonavyo mifukoni vinatengenezwa kwa njia ya mvuke, kupitia bati jembamba mno lililotobolewa tundu la kila nukta ya rangi. Cambridge Display Technology, iliyoanzishwa mwaka 1992 ili kufanya ugunduzi wa chuo uwe biashara, ilinunuliwa na Sumitomo Chemical mwaka 2007. JOLED ya Japani, iliyoshikilia uchapaji hadi hatua ya kiwanda, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2023. Kuchapa huonekana rahisi mpaka pale unapotakiwa kuweka mamilioni ya matone yanayokauka kwa unene uleule bila moja kukosea.

Mchango mwingine wa vyuo vikuu ulikuwa wa fizikia tupu. Elektroni na chaji chanya zinapokutana ndani ya molekuli, kanuni za mzunguko wa elektroni zinafanya wastani wa mkutano mmoja tu kati ya minne utoe mwanga, na mitatu iliyobaki igeuke joto. Mwaka 1998 kundi la Stephen Forrest wa Princeton na Mark Thompson wa University of Southern California lilionyesha kwamba ukitia molekuli zenye metali nzito, mikutano ile mitatu nayo inaweza kuwaka. Baadaye iridi ndiyo iliyokuwa metali iliyotumika zaidi. Universal Display Corporation ya New Jersey ilikua juu ya msingi huo, na hadi leo inaishi kwa hataza na kwa kuuza kemikali kwa wenye viwanda. Nyekundu na kijani vilipatikana vyema. Buluu ilikataa, kwa sababu nishati inayohitajika kutoa buluu inakaribia ile inayoweza kuvunja vifungo vya molekuli yenyewe, kwa hiyo miaka yote simu zimeendelea kutumia buluu ya aina ya zamani inayopoteza sehemu kubwa ya umeme. Chihaya Adachi wa Kyushu University alifungua njia nyingine mwaka 2012 kwa molekuli zisizohitaji metali nzito, na Mei 2025 LG Display ilitangaza kwamba imethibitisha paneli ya buluu ya fosforesensi (ile njia ya metali nzito) katika mtambo wake wa uzalishaji. Hata hiyo imechanganya: tabaka moja la buluu mpya limewekwa juu ya tabaka la buluu ya zamani ili kulinda uhai wa kioo.

Mchangiaji, fundi wa simu:

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi natengeneza simu, na kuna jambo ambalo wateja wananiuliza kila wiki bila mimi kuwa na jibu la kuridhisha. Simu yenye OLED ikianguka, mara nyingine kioo cha juu kinapata ufa mdogo tu pembeni na mguso unaendelea kufanya kazi, lakini baada ya siku kadhaa weusi unaanza kutambaa kutoka kwenye ule ufa hadi unameza nusu ya kioo, ingawa simu haijaanguka tena. Je, kinachotambaa hasa ni nini? Na je, vioo vya kukunja, ambavyo kwa uelewa wangu vina plastiki badala ya kioo, vinawezaje kuishi hata mwezi mmoja?

Mleta mada:

Ndugu fundi, swali lako limegusa kiini cha taaluma nzima. Kinachoingia kupitia ule ufa ni mvuke wa maji na oksijeni. Elektrodi inayopeleka elektroni kwenye molekuli hutengenezwa kwa metali nyepesi kuungana na maji, na ikishapata unyevu inaachia molekuli zilizo chini yake. Nukta za sehemu hiyo hazipati tena umeme, kwa hiyo haziwaki, na wewe unaona weusi. Unyevu unasafiri polepole kati ya matabaka, ndiyo maana doa linakua bila pigo jipya.

Kipimo kinachotajwa katika sekta hii ni kwamba kifuniko cha OLED kisipitishe zaidi ya sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Plastiki ya kawaida ya kufungashia chakula inapitisha gramu moja au zaidi kwa eneo na muda huohuo, yaani mara milioni moja ya kinachoruhusiwa. Kioo kigumu hakina tatizo hilo, kwa kuwa kinaziba chenyewe na kinahitaji tu gundi au mshono mzuri pembezoni. Ukitaka kukunja, unalazimika kujenga ukuta juu ya plastiki. Jibu lililopatikana ni kupishanisha matabaka: utando wa madini kama oksidi ya alumini au naitraidi ya silikoni, kisha utando laini wa polima, kisha madini tena. Kila utando wa madini una vitobo visivyoonekana kwa macho, lakini vitobo vya tabaka la juu haviangukii juu ya vile vya tabaka la chini, kwa hiyo tone la mvuke linalazimika kuzunguka mbali sana kabla ya kufika ndani.

Utengenezaji wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu unasahihisha picha ambayo wengi tunayo ya plastiki inayopita kwenye roli kama gazeti. Poliimidi, ambayo ni plastiki ya rangi ya manjano inayostahimili joto kali, humwagwa ikiwa majimaji juu ya kioo kigumu na kuokwa hadi igande. Juu yake hujengwa transista, yaani swichi ndogo za umeme, ambazo ni za silikoni wala si za kaboni, halafu matabaka ya OLED, halafu ule ukuta wa kupishana. Mwisho kabisa leza humulika kutoka chini, kupitia kioo, na kuunguza sehemu ndogo mno ya poliimidi pale ilipogusana nacho, na kioo cha kukunja hubanduka. Kwa maneno mengine, kinachokunjika kimezaliwa kikiwa kigumu, katika viwanda vilevile vilivyokuwa vikitengeneza vioo vigumu, na nadhani hiyo ndiyo sababu Samsung na LG zilifika kabla ya kampuni changa zilizotaka kuanzisha kiwanda cha aina mpya.

Kuhusu kukunja, hesabu ni nyepesi: mvuto unaoupata uso wa karatasi iliyokunjwa ni unene wake ugawanywe kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mkunjo. Utando wenye unene wa maikromita 50 uliokunjwa kwa nusu kipenyo cha milimita 1.5 unavutwa kwa takriban asilimia 1.7, na tando nyingi za oksidi hupasuka kabla ya kufika hapo. Wahandisi wana njia mbili za kutoka: kupunguza unene, na kupanga matabaka ili lile lililo dhaifu likae katikati kabisa, mahali ambapo mvuto wa upande wa nje na mbano wa upande wa ndani vinafutana.

Hata hivyo mambo yaliharibika hadharani. Galaxy Fold ilipopelekwa kwa waandishi wa habari za teknolojia Aprili 2019, baadhi yao walibandua utando wa juu wakidhani ni wa kulinda kioo wakati wa usafirishaji, na wengine walipata uchafu ulioingia kupitia bawaba. Samsung iliahirisha mauzo, ikaficha kingo za utando huo chini ya fremu, ikaongeza vizuizi kwenye bawaba, na kuiuza Septemba mwaka huohuo. Tangu Galaxy Z Flip ya mwaka 2020 wakarudisha kioo halisi, chembamba kiasi cha kukunjika, chini ya utando wa plastiki. Royole ya Shenzhen, iliyotangulia kutangaza simu yake ya kukunja mwaka 2018, imeishia kufilisika.

Mchangiaji, mwanafunzi wa uhandisi:

Naomba kuuliza. Umesema transista zilizo ndani ya vioo hivyo ni za silikoni. Basi zile transista za kaboni tunazosoma kwenye makala za vyuo zimeishia wapi?

Mleta mada:

Zimechelewa, na sehemu ya sababu ni ya kifizikia. Katika silikoni ya fuwele elektroni husafiri kwa wepesi ambao ni mara 100 au zaidi ya ule wa polima nzuri za kuchapwa, kwa hiyo hakuna anayetarajia prosesa ya kompyuta ya kaboni. Transista hizo zinafaa mahali ambapo kasi haihitajiki, kwa mfano nyuma ya karatasi ya kielektroniki ambayo ukurasa wake hubadilika mara chache.

Sehemu nyingine ya sababu ni ya aibu. Kati ya mwaka 2000 na 2002 Jan Hendrik Schön wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alichapisha mfululizo wa matokeo ya kushangaza kuhusu fuwele za kaboni na transista za molekuli, na maabara nyingi duniani zikatumia fedha na wanafunzi wa uzamivu kujaribu kuyarudia bila mafanikio. Lydia Sohn wa Princeton na Paul McEuen wa Cornell waliweka grafu za makala tofauti sambamba, wakaona kwamba hata zile chenga ndogo za kelele za vipimo, ambazo hazipaswi kamwe kujirudia, zilifanana nukta kwa nukta. Kamati iliyoongozwa na Malcolm Beasley ilimkuta na hatia katika tuhuma 16 kati ya 24 mnamo Septemba 2002, akafukuzwa siku hizohizo. Waandishi wenzake hawakupatikana na kosa la kughushi. Kwa maoni yangu hasara kubwa haikuwa fedha. Vijana waliotumia miaka wakiamini kwamba mikono yao ndiyo mibovu, kumbe takwimu wanazozifuata hazikuwahi kuwepo, hawakurudishiwa miaka hiyo.

Kwa upande wa kiwanda, mfano ninaoupenda ni Plastic Logic, iliyozaliwa mwaka 2000 kutoka maabara ya Cavendish ya Cambridge kwa kazi ya Henning Sirringhaus na Richard Friend. Walijenga kiwanda Dresden kilichofunguliwa mwaka 2008, na Januari 2010 wakatangaza kisomeo chao (kifaa cha kusomea vitabu na nyaraka) kiitwacho QUE kwa dola 649 na kuendelea. Mwezi uleule Apple ikatangaza iPad kuanzia dola 499, yenye rangi, video na programu. Agosti QUE ilifutwa kabla haijamfikia mteja. Angalieni kwamba transista zilifanya kazi. Kilichoshindwa ni bidhaa, iliyoomba mnunuzi alipie zaidi kwa sababu kifaa hakivunjiki, ilhali mnunuzi hakuwa ameomba hilo. Teknolojia yenyewe iliendelea chini ya jina la FlexEnable, na mwaka 2024 transista zao zilifika mikononi mwa watu katika Ledger Stax, kifaa cha kutunzia funguo za sarafu za kidijitali ambacho karatasi yake ya kielektroniki imepinda ukingoni.

Jirani yake, kampuni ya Pragmatic, ilichagua kuachana na kaboni na kutumia oksidi ya indi, gali na zinki juu ya poliimidi, malighafi ambayo Hideo Hosono wa Tokyo aliionyesha kwenye transista za kukunjika mwaka 2004. Mwaka 2021, pamoja na Arm, kampuni inayobuni prosesa, walionyesha prosesa ya biti 32 yenye takriban milango 18,000 ya mantiki juu ya plastiki. Kasi yake ya juu ilikuwa kilohezi 29, kiasi ambacho wapenda michezo ya kompyuta humu watacheka, lakini kwa lebo ya chupa ya dawa inayotakiwa kusoma halijoto mara moja kwa dakika, kasi hiyo inatosha na kubaki.

Mchangiaji kutoka Kenya:

Mwenzangu, mbona hujagusa sola? Tuliahidiwa paneli za plastiki za kukunja na kubeba begani. Je, hizo zitafika kwetu lini?

Mleta mada:

Ndugu yangu, zilikaribia kufika kwenu mwaka 2011 kwa njia ambayo wengi hawaijui. Eight19 ilianzishwa mwaka 2010 kutokana na utafiti wa Cambridge ili kutengeneza sola za plastiki, na jina lake linatokana na dakika 8 na sekunde 19 ambazo mwanga huchukua kutoka kwenye jua hadi duniani. Wakati wakisubiri plastiki yao ikomae, walitafuta soko la watu wanaotumia vibatari, wakaingia Kenya na mfumo wa IndiGo: mteja ananunua kadi ya kukwangua, anatuma namba kwa ujumbe mfupi, anapokea nyingine ya kubonyeza kwenye kisanduku, na taa zinawaka kwa muda aliolipia. Paneli iliyowekwa juu ya paa, lakini, ilikuwa ya silikoni ya kawaida. Biashara ikashika, ikatengwa mwaka 2012 kuwa Azuri Technologies, na ile sola ya plastiki iliyokuwa sababu ya kampuni kuwepo ikabaki maabara.

Sababu ni kwamba katika muongo ulioanza mwaka 2010 bei ya paneli za silikoni ilishuka kwa takriban asilimia 90. Konarka ya Massachusetts, ambayo Alan Heeger mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilifilisika mwaka 2012. Heliatek ya Dresden imedumu kwa kukwepa ushindani wa moja kwa moja: inauza utando wa kubandika wenye uzito wa karibu kilo 2 kwa mita ya mraba, kwa ajili ya mapaa na kuta zisizoweza kubeba paneli za kioo.

Sayansi yenyewe haijalala. Mwaka 2019 kundi la Yingping Zou wa Central South University, China, lilitoa molekuli iitwayo Y6 iliyofikisha ufanisi wa asilimia 15.7, na sasa seli za maabara zimefika takriban asilimia 20. Lakini seli hizo mara nyingi hazifiki hata ukubwa wa ukucha, na mshindani wake ni paneli ya silikoni yenye ufanisi unaozidi asilimia 20 na dhamana ya miaka 25. Muuzaji akikuletea sola ya plastiki Mombasa, usimwulize ufanisi kwanza. Mwulize imepita vipi kipimo cha saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, kwa sababu pwani yetu ina joto na unyevu wa mwaka mzima.

Mchangiaji, mwanafunzi wa uhandisi:

Je, chuo kisicho na chumba safi (maabara isiyo na vumbi) cha gharama kubwa kinaweza kuchangia lolote katika utafiti huu?

Mleta mada:

Kinaweza, na ningeanzia kwenye uhai wa vifaa, kwa sababu hapo ndipo takwimu za hali ya hewa kama yetu zinahitajika na ndipo wengi hawapendi kukaa. Fikiria kipimo cha kalsiamu. Unaweka utando mwembamba wa kalsiamu unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, unaufunika kwa kifuniko unachotaka kukipima, na unaunganisha nyaya mbili. Kila chembe ya maji inayopenya inageuza sehemu ya metali kuwa kitu kinachopitisha mwanga na kisichopitisha umeme, kwa hiyo ukinzani wa umeme unapanda na mng'ao unapotea kidogo kidogo. Kwa kusoma ukinzani huo siku hadi siku unakokotoa kiasi cha maji kilichopita, hata kikiwa kidogo kuliko mizani yoyote inavyoweza kuhisi. Unahitaji kisanduku chenye gesi ya naitrojeni cha kuandalia sampuli, pampu ya ombwe ya kuvukizia kalsiamu, kabati la joto na unyevu, na mita nzuri ya ukinzani. Ukipata hivyo vinne, nyingine ni subira, na ningeomba utuletee grafu zako humu, pamoja na kelele zake zote.